Kijiwe Juu ya Nguzo Fupi

Serekunda, 6 Julai 1991

Shangazi Dado mpenzi,

Naanza na wewe na kiuno chako, kisha wifi yangu Mbalu ambaye najua ndiye anayekusomea haya (Wifi, soma polepole, usiruke mahali), kisha majirani wote wa Sare Yoba, na yule ng'ombe wako mwekundu anayepiga watu mateke. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kama kawaida yake mvua zikianza, na mdogo wangu Demba kafaulu mtihani, sasa haambiliki nyumbani.

Hoteli imefungwa. Wageni wa mwisho waliondoka mwezi wa tano, na sisi wa kufua tumeambiwa turudi Oktoba. Nashinda barazani na mwenzangu wa kazini, Yandeh Faye, tunatazama maji yakipita mlangoni. Juzi akaniambia, "Penda, miaka sita nafua mashuka ya watu wanaokwenda kwenu kutazama yale mawe ya kale yaliyosimamishwa duara. Wanarudi wamebabuka ngozi, wananionyesha picha. Mimi niliyezaliwa nchi hii sijayaona hata moja. Hiyo ni haki kweli?" Nikamwambia si haki.

Basi tumekubaliana tuje mwanzoni mwa Agosti, wakati hakuna mgeni hata mmoja na mawe yamebaki na wenyewe. Najua barabara itakuwa tope tupu. Nakuonya mapema kwamba Yandeh ni Mserer, mtani wetu sisi Wafulani, na mdomo wake hauna mlango.

Kuna jambo nataka tuzungumze nikifika. Si la kuandika.

Mwanao,
Penda


Sare Yoba, 19 Julai 1991

Binti wa kaka yangu,

Barua yako imefika leo ikiwa imelowa, Mbalu ameianika juu ya ungo kabla ya kunisomea. Kiuno changu kinakusalimu, hakijapona wala hakina nia hiyo. Karanga zimeota vizuri upande wa chini, upande wa juu ngiri wamezimaliza. Jirani yetu Sira amejifungua mapacha, wote wasichana, na baba yao anatembea kama aliyewazaa yeye. Mwambie mama yako achemshe majani ya mpera anywe, asijifanye mtu wa mjini.

Mserer! Mlete. Mwambie aje na bakuli lake mwenyewe, maana Mserer akiketi mbele ya uwele na maziwa ya mgando, mwenye nyumba hulala njaa. Mbalu anacheka, anasema hayo hayaandikwi. Nimemwambia andika, utani hauna adabu.

Ila mweleze jambo moja kabla hajafika, kwa sababu watu wa pwani hushikashika vitu. Mawe ya Wassu yana mlinzi, na kila apitaye huweka kijiwe juu ya jiwe mojawapo akaomba anachotaka. Duara letu la hapa shambani ni tofauti. Katika nyumba yetu msafiri huwekewa kijiwe juu ya ile nguzo fupi, mama yake chake, mkewe chake. Akirudi, kila mmoja huondoa cha kwake. Akifa, vivyo hivyo. Kabla ya hapo hakiguswi na mtu.

Umeuliza hali ya kila mtu, hata ng'ombe. Mmoja hukumtaja. Mbalu ameinua kalamu ananitazama, kwa hiyo nitamtaja mimi. Mwanangu Yero hajaandika. Huu ni mwaka wa tatu yuko Sierra Leone kwenye machimbo ya almasi, na barua yake ya mwisho ilikuja mwezi wa kwanza. Redio inasema huko kuna vita sasa, na penye vita barua hazipiti. Mkewe, huyuhuyu Mbalu, anapangusa kijiwe chake kila Ijumaa. Tunasubiri.

Na hilo jambo lako, kama si la uchumba, liache hukohuko. Barabara ni mbovu, na mzigo mzito huvunja gari.

Shangazi yako Dado.
Mwandishi ni Mbalu Bah.


Serekunda, 28 Agosti 1991

Shangazi Dado,

Tumefika salama baada ya siku mbili na nusu. Gari lilikwama mara nne, na mara ya nne Yandeh aligoma kushuka kusukuma, akasema yeye ni mgeni wa taifa. Mama anakusalimu, majani ya mpera ameyanywa huku akiyatukana. Wewe je, na kiuno? Ngiri wamerudi? Wifi Mbalu, ahsante kwa kunifulia zile nguo za tope pamoja na mkoba wangu. Mimi ninayeishi kwa kufulia watu, nikafuliwa. Sikupata nafasi ya kukushukuru vizuri tulipoondoka.

Yandeh bado anawasimulia watu wa mtaani jinsi ulivyompokea. "Nimefika nimelowa mpaka mifupa, bibi kasimama mlangoni ananiambia, 'Mtumwa wangu, mbona umechelewa? Ng'ombe hawajakamuliwa!' Nami nikamwambia nimekuja kuwahesabu ng'ombe ambao babu yake alimwibia babu yangu." Akifika hapo anajipiga paja. Kisha anasema, "Akanipa kitanda chake akalala chini. Wafulani watu wabaya sana."

Sikukueleza tulivyokwenda Wassu. Mlinzi alikuwa amelala chini ya bati na mwavuli umefunika uso. Alishangaa kuona watu, akatuambia tangu mwezi wa sita tulikuwa wa kwanza. Yandeh akayazunguka mawe yale mekundu moja moja kama anayetafuta mtu sokoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilidhani ni makubwa zaidi." Mlinzi akaeleza kwamba chini yake wamezikwa watu, lakini hakuna anayejua majina yao wala aliyewaweka hapo. Yandeh akasema, "Hata hivyo wana mawe." Mlinzi hakuelewa. Nami nikaenda kusimama upande wa pili wa duara.

Kesho yake Mbalu alitupeleka kwenye duara letu la shambani. Yandeh alitii, alishika mikono yake mgongoni wakati wote. Shangazi, juu ya nguzo fupi niliona kijiwe kimoja, kile cheupe cha Mbalu. Nilipokuja mwaka juzi vilikuwa viwili. Kile chako chekundu chenye tundu sikukiona. Nauliza tu, kwa sababu mvua za mwaka huu ni kali.

Nilikuja na jambo, nikarudi nalo. Kila nilipofungua kinywa uliniongezea maziwa. Siku tano nzima hukukaa nami peke yako hata kwa muda wa kuvaa viatu, na wewe ni mtu ambaye zamani ukiniona tu ulikuwa ukinivuta nyuma ya nyumba tusengenye. Nimelifikiria hilo njia nzima. Baba yangu angekuwa hai, jambo hili lingekuwa la mdomo wake, si la wangu. Mtoto hamwambii mkubwa mambo ya namna hii, wewe ndiye uliyenifunza. Lakini wakubwa wa upande wetu wamekwisha.

Niandikie. Hata maneno mawili.

Penda


Sare Yoba, 22 Septemba 1991

Penda,

Salamu kwako na kwa mama yako. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya palizi, na kwa sababu sikutaka kujibu. Mapacha wa Sira wananenepa. Ngiri mmoja ameuawa, hatumli lakini tulifurahi kumtazama.

Kijiwe changu kiliangushwa na upepo. Mvua za mwaka huu ni kali, wewe mwenyewe umesema. Nikipata nafasi nitakirudisha. Na siku nyingine ukija kwangu, hesabu ng'ombe, usihesabu mawe ya nyumba ya mtu.

Habari nyingine ni kwamba baba yake Mbalu alikuja juma lililopita, katoka Basse mpaka hapa kwa ajili ya maneno ya dakika tano. Anasema miaka mitatu ni mingi. Anasema binti yake ana miaka ishirini na mbili, mtoto hana, mume hajulikani aliko, basi arudi kwao akae mpaka habari zipatikane. Nikamwambia, "Mzee Bah, mke wa mtu aliye safarini haondoki kwenye nyumba ya mumewe. Yero akirudi nimwambie nini, kwamba nilichoka kumtunzia?" Alikunywa chai vikombe vitatu, akanitazama sana, akaondoka. Mbalu mwenyewe alikuwa jikoni.

Unaona basi. Nina mtu mmoja hapa anayejua nakunywa dawa gani na saa ngapi. Anayejua yule ng'ombe anataka kuimbiwa ndipo akamuliwe. Kama unanipenda, huko uliko nyamaza.

Shangazi yako Dado.
Mwandishi ni Mbalu Bah.

Wifi Penda, kuanzia hapa ni mimi. Mama ameingia ndani kuswali, na barua nitaifunga mimi kabla ya kumpa dereva.

Hayo ya upepo nimeyaandika kama alivyoyasema. Lakini siku ile nilipofua mkoba wako nilitoa kwanza vilivyomo. Nilikuta kofia. Nimeishona mimi, Wifi. Ukingo una uzi wa kijani kwa upande mmoja kwa sababu uzi wa buluu uliniishia, naye Yero akasema iache hivyohivyo, nikipotea watanitambua. Niliikunja na kuirudisha ulikoiweka. Hukuona kwamba imekunjwa vingine.

Mwanamume wa huku haachi kofia yake kwa binamu akiwa hai.

Niliposoma barua yako kwa sauti, ile ya kijiwe kimoja, Mama aliniangalia usoni nami nikaendelea kusoma bila kusita. Baadaye nilitafuta chini ya nguzo, nyasi zote. Hakikuwepo. Nimekikuta ndani ya chungu cha mbegu za karanga, kimefungwa kwenye kitambaa. Kwa hiyo Mama anajua. Alijua kabla yako au baada yako, sielewi.

Sasa tunaishi hivi: tunapika, tunakula bakuli moja, na kila Ijumaa nakwenda kupangusa kijiwe changu ili asijue kwamba najua. Narudi, ananiuliza, "Umekipangusa?" Naitikia, "Nimekipangusa, Mama." Nikimwambia ukweli ataona natafuta ruhusa ya kuondoka. Yeye akiniambia, ataona ananifukuza. Sijamlilia mume wangu.

Mlete Yandeh, aliseme yeye. Mtani hana haya na hakasirikiwi. Usinijibu kwa barua, nitalazimika kuisoma kwa sauti.

Mbalu


Serekunda, 3 Oktoba 1991

Shangazi Dado,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu. Nimepokea yako ya Septemba na nimesikia yote uliyosema.

Yandeh anasema alisahau kitambaa chake cha kichwa kwenu, kile cha maua, na kwamba hawezi kuanza kazi bila hicho. Hoteli inafunguliwa tarehe ishirini, kwa hiyo anakuja kukichukua sasa. Atapanda kivuko Jumatano, Ijumaa atakuwa kwako. Mimi nilitaka kuja naye lakini Mama amezidiwa na kifua, siwezi kumwacha.

Nimempa Yandeh mzigo mdogo. Mpokee vizuri.

Penda


Sare Yoba, 9 Machi 1992

Binti wa kaka yangu,

Nakusalimu. Salamu hizi ni fupi kwa sababu nimekukasirikia miezi mitano, na nataka uzisome ukijua hivyo. Mama yako hakuzidiwa. Nilimuuliza Yandeh, na Mserer hajui kudanganya, alianza kutazama dari. Uliogopa. Ukamtuma mtani afanye kazi ya damu yako.

Lakini hukuwapo, na ni haki yako kujua ilivyokuwa.

Alifika Ijumaa baada ya swala. Mbalu alikuwa ametoka kwenye nguzo, anaosha mikono. Nikaanza utani wangu, nikamwambia, "Mtumwa, kitambaa chako nimemvisha ng'ombe." Hakucheka. Alisimama mlangoni na mzigo wake kifuani, miguu imejaa tope mpaka magotini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Sira: "Nyinyi Wafulani ni watu gani? Ng'ombe akifa mnamlilia siku tatu, mnataja mama yake na bibi yake. Mtoto wa kiume amekufa, mnakaa mnatwanga uwele! Yero amefariki. Shimo lilimfukia Februari, wakamzika hukohuko wenzake. Haya nimesema mimi, Mserer, mtumwa wenu. Nipigeni mkitaka. Halafu mnipe maziwa, nimechoka."

Akafungua mzigo akaitoa kofia, akaiweka chini kati yetu.

Mimi nilimtazama Mbalu, naye alinitazama. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakushtuka. Penda, tulitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye ghala moja. Kisha alilia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo, mwembamba vile, na mimi nikaanguka juu yake na kiuno changu hiki. Yandeh alitushika wote wawili, akitutukana muda wote, machozi yanamtoka. Akapika yeye, chakula kibaya sana. Alikaa mpaka siku ya saba, akawapokea watu wa msibani, na kila aliyekuja alimwambia, "Karibu, wafiwa wako ndani, wamechelewa kidogo."

Sasa nitasema langu, na Mbalu aliandike bila kulipunguza. Yule Samba Baldeh, mwenzake Yero wa machimboni, aliyekupa kofia kwenye geti la hoteli, ndiye aliyenikuta gulioni mwezi wa sita. Aliniambia nikiwa nachagua chumvi. Nililipa chumvi, nikarudi, nikapita shambani, nikakiondoa kijiwe cha mwanangu, nikakificha. Nilisema nitamwambia mkewe kesho. Kesho yake alikuwa ameniwekea maji ya moto ya kiuno bila kuombwa. Nikasema basi kesho kutwa. Huyu binti nilimnyima msiba wa mumewe ili nisibaki peke yangu. Nilimdanganya baba yake mbele ya chai. Mungu anajua, na sasa nawe unajua.

Imamu alituambia eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo ya Mbalu ilishapita yenyewe. Mbalu akamjibu, naye si mtu wa kujibu wakubwa, "Siku za kuficha sikuzikaa kama mjane. Nazianza leo." Akakaa miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yangu, akiwa amejifunga nguo ile ile nyeupe. Nilimhudumia mimi. Nilimwekea maji ya moto mimi. Tulizungumza habari za Yero kila siku, tangu alivyokuwa akiogopa jogoo utotoni. Kuna siku tulicheka.

Eda ilimalizika mwishoni mwa Februari. Baba yake amekuja kumchukua, yuko nje anafunga mizigo kwenye gari na haniamini bado, hata chai ameikataa. Mbalu aliniambia atakaa nikimwambia akae. Najua angekaa kweli. Nikamwambia nenda.

Jana tulikwenda wote wawili kwenye nguzo fupi. Akakiondoa kijiwe chake cheupe, akakishika muda mrefu, kisha akakitupa mbali shambani. Mimi nikafungua kitambaa, nikatoa kile chekundu chenye tundu, nikakiweka juu. Akaniuliza, "Mama, hicho cha nani? Yero hayupo." Nikamwambia, "Si wewe unasafiri?"

Karatasi hii ina madoa, usifikiri ni mvua, mvua bado. Nimemwambia aiache hivihivi.

Wewe njoo msimu wa mvua, hoteli ikifungwa. Njoo na Mserer wako. Nitakuwa nimepoa. Na nitahitaji mtu wa kunisomea barua zitakazotoka Basse.

Shangazi yako Dado.
Mwandishi ni binti yangu Mbalu.